Jalada husafiri kabla yako: viza ya kusoma Ujerumani na wanaoiamua

Familia imekaa sebuleni Jumapili alasiri. Binti amepata barua ya udahili kutoka chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, shahada ya uzamili katika uhandisi wa maji, na ada hakuna. Soda zimefunguliwa. Anasoma masharti kwa sauti, na kila mtu anaitikia kwa kichwa, mpaka anapofika kwenye viza: euro 11,904. Baba mdogo anatoa simu, anapiga hesabu, anakuta zaidi ya shilingi milioni 30 za Tanzania, anaiweka simu mezani taratibu. "Ehe. Wamesema bure, kumbe ada yenyewe inalipiwa ubalozini."

Baba mdogo amekosea, ila kosa lake si la ajabu. Fedha ile haiendi ubalozini wala chuoni. Kinacholipwa ubalozini ni euro 75, basi. Hizo elfu kumi na moja na ushee zinabaki kuwa za binti mwenyewe, kwa jina lake, na atazila kule mwezi hadi mwezi. Tutazirudia, maana ndizo zinazovunja vikao vingi vya familia. Lakini kuna kosa la pili, na kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi: watu hujiandaa kwa ajili ya mtu mmoja, yule ofisa wa dirishani, kana kwamba viza inatoka mkononi mwake. Wanashona suti, wanakariri majibu, wanaombewa. Ilhali wengi kati ya wanaoamua hawatamwona mwombaji hata siku moja. Watakachokiona ni jalada lake.

Tuanze na viza yenyewe, kwa sababu zipo mbili na huchanganywa. Ile ya Schengen, yaani ya nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ya herufi C, ni ya matembezi, biashara au kozi fupi, na mwisho wake ni siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180. Ya masomo ya muda mrefu ni herufi D. Hiyo ni viza ya taifa: Ujerumani huitoa kwa sheria yake yenyewe ya ukaazi, na kifungu kinachomhusu mwanafunzi ni cha 16b. Tofauti hiyo ina meno. Mtu aliyeingia kwa C kumtembelea dada yake Hamburg, akaupenda mji, akapata na nafasi chuoni, kwa kawaida hawezi kwenda ofisi ya mji akaomba abadilishiwe. Atarudi Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aanze upya. Mmarekani au Mjapani anaruhusiwa kuingia bila viza na kuomba kibali cha masomo akiwa hukohuko. Sisi hatumo kwenye orodha hiyo. Inauma, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Jambo lingine linalowashtua watu ni tarehe. Binti akipata viza, stika kwenye pasipoti huwa ya miezi mitatu, sita, pengine mwaka, wakati shahada ni ya miaka miwili. Hapo huanza simu za usiku: "Mbona wamempa miezi michache tu?" Hawakumnyima kitu. Viza D ni ya kuvukia mpaka na kufikia. Kibali chenyewe cha kuishi ni kadi, na hiyo hutolewa na ofisi ya mji atakaoishi.

Kwa hiyo wanaohusika ni watatu. Chuo kinauliza kama anaweza kusoma fani hii. Ubalozi unauliza kama kweli anakwenda kusoma, na atakula nini. Ofisi ya wageni ya mji anaoendea, ileile itakayotoa kadi, inauliza kama kuna sababu ya kumkatalia. Kabla hajapanda ndege, ni ubalozi tu utakaomwona uso, na hata pale dirishani anayepokea karatasi si lazima awe ndiye anayeamua.

Chuoni sitakaa sana, ila kuna mambo ambayo Waafrika Mashariki huyagundua wamechelewa. Vyuo vya Ujerumani havipimi cheti chetu kwa macho. Vinatumia hazinadata iitwayo anabin, inayoeleza kila cheti cha kila nchi kina uzito gani kule. Mtanzania wa kidato cha sita ana miaka 13 ya shule nyuma yake: saba ya msingi, minne, kisha miwili. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 ana 12. Ndiyo maana wawili hao wakiomba shahada ya kwanza husomwa tofauti, na mwenye KCSE, cheti cha kumaliza sekondari Kenya, peke yake kwa kawaida huelekezwa kwanza kwenye Studienkolleg, mwaka wa matayarisho wenye mihula miwili na mtihani mwishoni, au huambiwa asome mwaka mmoja wa chuo kikuu nyumbani. Viza ya kifungu kilekile cha 16b inaweza kutolewa kwa mwaka huo wa matayarisho pia, kwa hiyo kuelekezwa huko si kukataliwa. Vyuo vingi hupitisha maombi kwenye taasisi iitwayo uni-assist, inayotoza euro 75 kwa chaguo la kwanza na 30 kwa kila chaguo linalofuata katika muhula huo. Mwenye kuomba vyuo kumi kwa mkupuo apige hesabu hiyo kabla.

Na ile "ada hakuna" ina pembe zake. Vyuo vya umma vingi havitozi ada ya masomo, ila mchango wa muhula upo. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye miji kama Stuttgart na Heidelberg, limekuwa likiwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka wa masomo 2017/18. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza mwaka 2024, kuanzia euro 2,000 hadi 6,000 kwa muhula kulingana na shahada. Misamaha ipo, lakini haiji yenyewe.

Sasa fedha.

Wajerumani huiita Sperrkonto, akaunti iliyozuiwa. Unaifungua mtandaoni ukiwa nyumbani, kupitia kampuni au benki inayokubaliwa kwa kazi hiyo, unaituma fedha yote kwa mara moja, nao wanakupa cheti cha kuthibitisha kwamba imefika. Cheti hicho ndicho kinachoingia kwenye jalada. Fedha inalala hapo. Ukishafika, ukajiandikisha, ukafungua akaunti ya kawaida ya benki, inaanza kushuka: euro 992 kila mwezi, wala si zaidi. Viza ikikataliwa, akaunti inafungwa na fedha inarudishwa, ukiondoa ada za huduma na za kutuma.

Kwa nini 992 na si 1,000? Hapa ndipo mantiki ya Wajerumani inapoonekana. Wanafunzi wao wasio na uwezo hupata fedha ya serikali kwa sheria inayofupishwa BAföG, nusu ruzuku na nusu mkopo. Kiwango cha juu kabisa cha fedha hiyo kwa mwezi, tangu vuli ya 2024, ni euro 992. Aliyesoma Mlimani au Dodoma ataelewa upesi nikisema ni bumu lao, yaani fedha ya kujikimu ya mwanafunzi. Mgeni hapewi bumu, kwa hiyo anaambiwa aje nalo mwenyewe, la mwaka mzima, mara 12. Bumu lao likipanda, akaunti yetu nayo hupanda. Mwaka 2018 ilikuwa euro 8,640 kwa mwaka. Ikawa 10,236, ikawa 10,332, ikafika 11,208 mwaka 2023, na 11,904 kuanzia Septemba 2024. Ndiyo sababu ushauri wa rafiki aliyekwenda miaka mitatu iliyopita, hata awe mkweli namna gani, unaweza kukupungukia euro mia kadhaa. Akaunti yenye upungufu wa euro kumi ni akaunti isiyotimiza sharti.

Mfumo huu unaua mchezo mmoja tunaoufahamu sote. Katika viza za nchi nyingine, zinazoomba taarifa ya benki ya miezi kadhaa, watu huazima fedha za kuonesha: mjomba anaweka milioni 30, karatasi inachapishwa, mjomba anachukua chake Jumatatu. Kwa Ujerumani mjomba hatachukua chake. Fedha ikishaingia haitoki kwa kutaka kwako, na ikianza kutoka inatoka kwa vijisehemu vya 992, na wewe ndiye unayeila. Kwa hiyo aliyeazimwa "kwa wiki mbili tu" amekopa deni la mwaka mzima bila kujua. Familia zilizofanikisha jambo hili kwa amani ni zile zilizojua tangu mwanzo kwamba ile ni gharama ya maisha ya mtoto, zikaichanga kama zinavyochanga harusi, kila mmoja akijua hairudi.

Kuna njia za kuikwepa. Barua ya ufadhili kamili inaondoa sharti la akaunti, na shirika la DAAD, ambalo lina ofisi ya kanda Nairobi, ndilo mlango mkubwa wa ufadhili wa Kijerumani kwa eneo letu. Njia nyingine ni mdhamini anayeishi Ujerumani. Huyu anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati zake za mshahara, anatia saini ahadi rasmi kwamba atabeba gharama zako zote. Hii naomba isichukuliwe kama karatasi ya kuombana kirahisi kwenye simu. Ahadi ile inamfunga kwa miaka mitano, na ukija kutibiwa au kusaidiwa kwa fedha ya umma, bili inakwenda kwake. Kaka wa Stuttgart anayesita kusaini huenda amekwisha kuisoma.

Akaunti ikijaa, watu hupumua wakidhani kazi imekwisha. Kumbe ofisa mwenye akaunti iliyojaa mbele yake bado ana swali moja, nalo halijibiwi na benki: huyu anakwenda kusoma kweli?

Swali hili lina historia ya mahakamani. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kesi ya kijana Mtunisia aliyeitwa Mohamed Ali Ben Alaya. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1989, wazazi wakarudi Tunisia mwaka 1995, akamaliza shule huko, akapata nafasi ya kusoma hisabati Dortmund. Barua ya chuo anayo. Wajerumani walimnyima viza zaidi ya mara moja, wakisema alama zake ni hafifu, Kijerumani chake ni kidogo, na hawaoni uhusiano wa masomo yale na kazi anayoitaka. Mahakama ikasema hapana: sheria ya pamoja ya Ulaya imeorodhesha masharti, na aliyeyatimiza yote hawezi kuongezewa mengine ya kubuni.

Waombaji walishangilia, ila haikuchukua muda. Mwaka 2016 sheria hiyo ya pamoja iliandikwa upya, safari hii ikiwa na kifungu kinachoruhusu nchi kukataa pale penye ushahidi au sababu nzito kwamba mtu anakuja kwa shabaha nyingine. Kisha Julai 2024 mahakama ileile ikapata kesi ya mwanafunzi wa Kameruni aliyeomba kusoma Ubelgiji mwaka 2020 akakataliwa kwa madai kwamba mpango wake wa masomo haushikamani. Safari hii mahakama ilikubali kwamba mpango usioshikamana unaweza kuwa moja ya sababu za kukataa, kwa masharti mawili ya maana. Migongano iwe mikubwa na iliyo wazi, na kila mwombaji atazamwe kwa hali yake. Kubadili fani peke yake, ikasema, ni jambo la kawaida katika safari ya masomo na halitoshi kumtia mtu hatiani.

Nimezitaja kesi hizi kwa sababu zinaonesha ile barua ya maelezo ya nia, kurasa moja na nusu au mbili unazoambatisha, inafanya kazi gani. Wengi huiandika kama insha ya darasa la saba: tangu utotoni niliota kusoma Ujerumani, nchi ya viwanda na nidhamu. Ofisa amesoma ndoto hiyo mara mia. Anachotafuta ni uzi. Ulisoma nini, ukafanya kazi gani, kozi hii inaunganaje na hayo, kwa nini kozi hii hasa na si inayofanana nayo iliyoko Dar au Nairobi, na baadaye utaitumiaje. Mwalimu wa kemia wa sekondari anayeomba uzamili wa lojistiki Bremen anaonekana kituko kwenye karatasi. Akiandika kwamba kwa miaka minne amekuwa akiendesha jioni biashara ya familia ya kutoa mizigo bandari ya Tanga, akaambatisha leseni na barua, kituko kimekwisha. Kinachoua barua ni ukimya mahali ambapo kila msomaji angeuliza.

Na hapo ndipo mawakala wanapowaumiza watu. Wakala mwenye barua moja anayobadilisha majina anapeleka majalada kumi yenye uzi uleule, na ofisa si kipofu. Wakala anaweza kukusaidia kupanga karatasi, lakini hawezi kujua kwa nini wewe unataka kusoma unachotaka kusoma, na akikuuliza ukashindwa kumjibu, hata dirishani hutajibu.

Kuhusu kurudi nyumbani, naona watu hujitesa bure. Hujaza barua viapo: naapa nitarudi, mama yangu ananingoja. Sheria ya Ujerumani yenyewe inampa mhitimu miezi 18 ya kukaa na kutafuta kazi inayolingana na shahada yake, kwa hiyo kiapo cha kurudi siku ya mahafali hakina uzito wowote kwa anayeijua sheria hiyo. Mpango wa kazi unaoeleweka, wa nyumbani au kwingine, una uzito kuliko kiapo.

Jambo dogo ambalo halimo katika kesi yoyote lakini husimamisha majalada ya kwetu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, kinasema Mohamed, pasipoti imegeuza jina la babu kuwa la ukoo. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Karani wa mji wa Leipzig ana watu watatu mezani. Hati ya kiapo ya majina, iliyogongwa muhuri na wakili na kuambatishwa mapema, ina thamani kuliko suti.

Basi jalada limekamilika, limewasilishwa. Tangu Januari 2025 ofisi zote za viza za Ujerumani duniani zina dirisha la mtandaoni la kupokea maombi: unapakia karatasi, zinakaguliwa kwanza kama zimetimia, ndipo unaitwa kwa miadi ya alama za vidole na nyaraka halisi. Baada ya miadi, jalada linafunga safari. Linakwenda kwenye mji ulioandikwa kwenye barua ya udahili, katika ofisi ya wageni ya hapo. Ofisi hiyo ikiwa na la kusema, italisema. Isipokuwa nalo, sheria imeweka utaratibu wa kupendeza kwa maombi ya masomo: ikipita muda wa wiki tatu na siku mbili za kazi bila pingamizi, kimya chake kinahesabiwa kuwa ridhaa. Sisi tuliokulia pwani utaratibu huu hatuhitaji kufafanuliwa. Mwari akiulizwa na kadhi akanyamaza, ndoa inafungwa.

Lakini ofisi ya mji ikitaka nyongeza, karatasi moja tu, saa inasimama. Ndiyo maana watu wawili walioomba siku moja, kwa ubalozi mmoja, wanapata majibu kwa kupishana wiki nyingi. Mmoja anakwenda mji mdogo wenye wanafunzi wageni mia chache, mwingine anakwenda Berlin. Kumpigia simu karani wa ubalozi kila asubuhi hakuharakishi kitu ambacho hakiko mezani kwake.

Muda, basi, ni wa kuhesabiwa kurudi nyuma. Muhula wa baridi huanza Oktoba, na mwisho wa maombi kwa vyuo vingi ni tarehe 15 Julai. Wa kiangazi huanza Aprili na mwisho wake ni 15 Januari. Kozi nyingi za uzamili, hasa za Kiingereza, hufunga mapema zaidi. Mtanzania anayemaliza kidato cha sita Mei hupata matokeo Julai, siku chache kando ya ile tarehe 15. Kuomba, kudahiliwa, kufungua akaunti, kupata miadi na kupata viza kabla ya Oktoba ya mwaka huohuo ni mbio ambazo simshauri mtu. Bora mwaka huo autumie kwenye lugha, Goethe-Institut ziko Dar es Salaam na Nairobi, kwa kuwa kozi za Kijerumani huhitaji kiwango cha juu, C1 kwa kawaida, na hakuna njia ya mkato ya kukifikia.

Ikija barua ya kukataliwa, yapo mageuzi ambayo yanabatilisha ushauri mwingi unaozunguka. Zamani mwombaji aliweza kuiandikia ofisi ileile barua ya kuomba uamuzi utazamwe upya, bila malipo, na wengi waliokolewa na barua hiyo. Tangu tarehe 1 Julai 2025 utaratibu huo umefutwa duniani kote. Zimebaki njia mbili: kuomba upya wakati wowote kwa ada mpya, au kufungua shauri katika mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea barua. Kwa aliyekataliwa kwa upungufu wa karatasi au barua dhaifu ya nia, kuomba upya ndiyo njia ya akili, lakini aisome barua ya kukataliwa neno kwa neno kwanza. Jalada la pili lenye pengo lilelile litapata jibu lilelile, na sasa hakuna wa kumwandikia.

Aliyefanikiwa hushuka uwanja wa ndege Frankfurt akidhani mlolongo umeisha. Ana wiki mbili tangu kuhamia kwenye chumba chake kujiandikisha ofisi ya wakazi, na huko ataombwa karatasi yenye saini ya mwenye nyumba inayosema kweli anakaa pale. Wenye kupangishwa kinyemela hukwama hapa, kwa sababu anayewapangisha hataki kusaini. Bila usajili huo ofisi ya wageni haimpokei, na akaunti ya benki ambayo ile 992 inatakiwa kuingia inakuwa ngumu kufunguka. Nimesikia ya wanafunzi walioishi mwezi wa kwanza kwa mikate na mikopo ya wenzao huku euro 11,904 zao zikiwa salama kabisa mahali wasipozifikia. Kwa hiyo aje na fedha ya mkononi ya mwezi mmoja na nusu hivi, nje ya akaunti.

Bima nayo ina mstari wa umri unaowagonga watu wetu, ambao mara nyingi huenda uzamili wakiwa wamekwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Aliye chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa bei ya wanafunzi, zaidi ya euro 140 kwa mwezi. Aliyevuka 30 kwa kawaida hana haki ya bei hiyo, na analazimika kutafuta bima binafsi, ambayo inabidi aisome vizuri kabla ya kusaini. Na kabla ya chuo kumsajili, siku zile za mwanzo zinahitaji bima ya safari, ambayo ubalozi huidai pamoja na karatasi nyingine.

Kisha kadi. Ada yake ni hadi euro 100, na kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili. Miadi ikichelewa na stika ya viza inakaribia kuisha, cha muhimu ni kuwa ameomba kabla haijaisha. Atapewa karatasi ya kumshikilia hadi kadi itoke. Kadi inamruhusu kufanya kazi siku kamili 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, kiwango kilichopanda kutoka 120 na 240 mwezi Machi 2024. Kwa kima cha chini cha mshahara cha euro 13.90 kwa saa kilichoanza Januari 2026, ni fedha ya kusaidia, ila haihesabiwi kwenye jalada la viza: kazi ambayo hujaipata haiwezi kuchukua nafasi ya akaunti.

Miaka miwili ikiisha na shahada bado, kadi huhuishwa. Atakayemkuta safari hii ni karani wa ofisi ya wageni, na huyo hamuulizi tena kwa nini alichagua Ujerumani. Anaomba taarifa ya benki na orodha ya mitihani aliyofaulu, anahesabu alama za kozi, na anapima kama katika muda unaofaa atamaliza.